Sijafilisika, Nimerudi tu kwa Datsun

Pale Wang'uru, kando ya barabara iendayo Embu, kuna mahali ninapooshea gari. Siku moja kijana aliyeshika mpira wa maji alilizunguka gari langu mara mbili, akainama mbele ya bampa, kisha akaniambia kwa huruma ya kweli: "Mzee, nambari yako imeanguka herufi moja." Nikamwambia haijaanguka. Gari hilo lilisajiliwa kabla ya 1989, mwaka ambao Kenya ilianza mfululizo wa KAA wenye herufi ya ziada mwishoni. Yeye hakuwa amewahi kuona kibao chenye herufi tatu na tarakimu tatu, basi. Akacheka, akaendelea kuosha. Lakini mzee mwenzangu aliyekuwa benchini akisubiri zamu yake hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama aulizaye habari za msiba: "Baba Wanjiru, kwani mambo yameharibika kiasi hiki?"

Sikumjibu siku ile. Nilisema tu, "Aa, mzee, tuko sawa," tukahamia bei ya mpunga. Makala haya ndiyo jibu langu.

Mzee yule anajua kwamba hadi mwaka jana nilikuwa na gari la spoti la kisasa: turbo, magurudumu yote manne yakivuta, rimu za inchi 18, kibao cha KD. Nililiuza, na kwa sehemu ndogo ya bei yake nikanunua Datsun 160J ya 1980, ndugu ya ile niliyofundishiwa kuendesha na marehemu baba. Kwa macho ya mji wetu hilo ni anguko. Kutoka Wang'uru hadi Kerugoya, Karatina, Nyeri na Nanyuki, kuna imani ambayo sijasikia ikihojiwa hadharani: kwamba magari ni ngazi, na ngazi hupandwa. Kijana huanza na bodaboda, akapata Probox ya kubebea mchele, akahamia Subaru inayonguruma, na akijaliwa akamalizia kwenye Prado. Kushuka hakumo katika hesabu. Anayeshuka amesukumwa: na benki, na ugonjwa, na karo ya chuo, au na pombe. Herufi za kibao husomwa kama matokeo ya KCSE, na kila mtu barabarani ni msahihishaji.

Nianze na neno "jipya", maana ndilo linalobeba hoja yote ya wapinzani wangu. Sheria yetu inakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo magari mengi mno yanayoshushwa Mombasa ni ya miaka sita au saba, yamekwisha kutumika Japani, yamepita mnadani, yakapanda meli. Likifika hapa hupigwa kibao cha mwaka huu, na papo hapo linazaliwa upya. Nililoliuza mimi lilikuwa na bwana wake wa kwanza huko Japani, ambaye hata jina lake sijawahi kulisikia. Yeye alilistaafisha, mimi nikalifanyia sherehe na kuchinja mbuzi. Basi mzee wangu wa benchini asiniambie kwamba yeye yuko na kipya nami niko na kikuukuu. Tuna vikuukuu viwili. Changu kinasema umri wake waziwazi, chake kimevalishwa kibao cha kijana.

Tena changu kilipokuja nchini kilikuja kuuzwa Kenya. Lile la kisasa lilitengenezewa watu wengine, na halikuacha kunikumbusha. Kila asubuhi nikiliwasha, sauti ya mwanamke ilinisalimia kwa Kijapani. Miaka minne nilimsikiliza kwa heshima, nikidhani labda ananitakia safari njema. Kumbe anasema kadi haijaingizwa: kadi ya kulipia barabara za kasi za Japani. Redio yake ilikomea pale masafa ya Japani yanapokomea, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa, zinazosikika hadi 108, haikuzifikia mpaka nikafungiwa kidude cha kuidanganya. Ramani kwenye skrini iliamini kwamba daraja la mto Thiba liko katikati ya bahari. Tulizoea yote hayo, tukayaita maendeleo.

Sasa nije kwenye hoja yao yenye nguvu, maana si haki kupigana na hoja dhaifu tu. Wanasema: gari la kisasa ni salama zaidi. Hapo nanyoosha mikono. Breki zisizojifunga, mifuko ya hewa, mitambo inayolizuia gari lisiteleze, bodi iliyobuniwa kujikunja ili mtu asikunjike: Datsun yangu haina hata kimoja. Katika nchi inayozika zaidi ya watu 4,000 wa ajali za barabarani kila mwaka, anayefanya mzaha na jambo hilo hastahili leseni. Kwa hiyo sisemi Datsun iwe gari la pekee la familia. Watoto husafiri katika kagari kadogo ka mama yao, na mimi siendi Nairobi usiku na 160J. Mikanda ya nyuma nimeifunga upya, breki nimezibadilisha zote, matairi ni mapya. Baada ya hapo najua ninachobeba, nami nakibeba peke yangu.

Lakini wanaonihubiria usalama niwaulize swali moja: mlinunua mifuko ya hewa, au mlinunua turbo? Sijawahi kusikia kijana wa mji huu akijisifu kwa bodi inayojikunja. Ninalosikia ni dakika: Makutano hadi Embu kwa dakika ngapi, nani alimwacha nani, wapi sindano iligonga 160. Usalama ule wote mnauweka rehani kununulia kasi. Na mfuko wa hewa humlinda aliyemo ndani. Haumlindi mama anayevuka na ndoo, wala kijana wa baiskeli mwenye gunia la mchele nyuma, wala punda wa mkokoteni. Hao ndio tunaogawana nao barabara hii. Mjini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na mbele kuna trekta, tuta, na mbuzi wa mtu. Gari la nguvu farasi 300 katika barabara ile ni kama mtu kununua kinu cha kukoboa magunia mia kwa siku, kisha akakoboa debe la chakula cha nyumbani. Muda wote niliokuwa na lile la kisasa sikuwahi kutumia hata nusu yake bila kuvunja sheria au kuhatarisha mtu.

Hapa ndipo raha yenyewe inapoingia, na raha si jambo la kuonea aibu mtu anapozungumzia gari la spoti. Gari la kisasa la mbio halionyeshi uhai wake mpaka uvuke mia na ishirini. Chini ya hapo ni kochi. Usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme, kishindo chake hupunguzwa na raba, na gia hubadilishwa na kompyuta kabla hujafikiri. Datsun kwenye kilomita 70 kwa saa iko kazini mwili mzima. Usukani hauna msaada, kwa hiyo kila changarawe inakuja mkononi. Ukikosea gia inakufokea. Kona ile ya kuteremkia mtoni, ambayo kwa gari la kisasa sikuwahi kuiona, sasa naifikiria tangu nikiwa mbali: niingie na gia gani, niachie mafuta wapi. Tena matairi yake ni manene, rimu ni za inchi 13, nayo hulimeza shimo ambalo lile la inchi 18 lilikuwa likinipasulia rimu. Kwa mwendo wa halali, katika barabara ya kweli, gari la zamani la spoti hutoa raha ambayo la kisasa hutoa kwa mwendo wa kuua. Hiyo si ndoto ya mzee. Mpe mtu yeyote usukani wa kila moja kwa nusu saa kati ya Kimbimbi na Kutus, halafu muulize.

Wataniambia: na gharama je? Spea za Datsun utazipata wapi, na inavyokunywa petroli? Petroli nakubali. Kwa kazi inayofanya, inakunywa kuliko inavyostahili. Lakini hesabu ya gari haimalizikii kwenye pampu. Lile la kisasa nililinunua kwa bei iliyokwisha kubeba ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya vyote hivyo. Baada ya miaka minne nililiuza kwa karibu nusu ya bei ile. Nusu iliyopotea ingeiendesha Datsun mpaka nizeeke.

Kuhusu spea, nitasimulia habari ya taa ya rangi ya machungwa. Asubuhi moja taa hiyo iliwaka kwenye dashibodi na gari likakataa kuzidi mizunguko 3,000. Si kwamba lilikufa. Lilikataa. Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake ikatoa nambari ya hitilafu, akabadilisha sensa. Taa ikabaki. Fundi wa pili alichomeka yake ikatoa nambari nyingine, akabadilisha sensa nyingine. Taa ikabaki. Siku ya tisa tukagundua kisa: panya wa kinu changu cha kukobolea mpunga, aliyenona kwa pumba za pishori, alikuwa ametafuna waya mmoja mwembamba chini ya boneti. Sensa zote mbili zilikuwa nzima. Siwalaumu mafundi wale, ni watu hodari. Lakini gari lilikuwa limewageuza kutoka mafundi kuwa wasomaji wa nambari. Lilikuwa linajua tatizo kwa namna yake na halikuwa tayari kumwambia mtu yeyote kwa lugha ya watu.

Injini ya 160J ni ya silinda nne, na ndugu zake walifungwa katika Datsun nyingi za enzi ile. Kuna vipuri Grogan, kama tunavyozidi kuiita Kirinyaga Road ya Nairobi, barabara iliyobeba jina la kaunti yetu na ambako wenyeji wa kaunti yetu huenda kufa moyo na kufufuka kwa ajili ya spea. Kisichopatikana huko, mkerezaji wa vyuma hapa Wang'uru anakichonga. Alinichongea bushi mbili huku nikinywa chai. Nani atanichongea kompyuta ya gari?

Na hapa ndipo ninapomshangaa mzee wangu wa benchini. Shamba lake la mpunga hulimwa na trekta ya Massey Ferguson yenye umri mkubwa kuliko mwanawe wa kwanza. Imefanyiwa ovaholi mara ambazo hazikumbuki, na anaisifia mbele ya wageni: "Hii ni chuma, si kama hizi za siku hizi." Wakulima huleta mpunga kwenye kinu changu kikuukuu wakapita vinu vipya viwili njiani, kwa kuwa wanajua hakivunji punje. Hakuna aliyewahi kuja kunipa pole kwa sababu ya kinu. Mji huu unaheshimu mashine kuukuu popote inapofanya kazi, isipokuwa barabarani. Kwa nini? Kwa sababu trekta ni mashine, kinu ni mashine, lakini gari tumelifanya nguo. Na nguo kuukuu ni aibu. Basi anayenipa pole hazungumzii gari hata kidogo, anazungumzia nguo zangu.

Baada ya kusema hayo, nahofia nitashangiliwa na watu nisiowataka. Wako wazee wa rika langu ambao msemo wao ni mmoja: vya kale ni dhahabu. Watakwambia magari ya zamani yalikuwa chuma halisi, hayakuharibika, na madereva walikuwa wanaume. Nao pia nawapinga, kwa sababu wao na mzee wa benchini wanaabudu kitu kimoja kwa majina mawili. Mmoja anaamini mwaka mpya unatosha kulifanya gari kuwa zuri, mwingine anaamini mwaka wa zamani unatosha.

Dhahabu gani? Tazameni Safari Rally, ambayo ndiyo iliyotufanya tuyapende magari yale. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaondoka 93, na tena yakamaliza 7. Yaliyobaki yaliachwa kwenye matope, yamevunjika springi, yamepasuka rejeta, yamezama mitoni. Pasaka zile njia ilipozunguka Mlima Kenya kupitia Embu na Meru, watu waliojipanga kando ya barabara waliona vyuma vikifa kwa makumi. Gari la zamani hupata joto kupita kiasi, hula kutu, na huchoka. Yangu inavuja oili mahali pawili, na pa tatu napashuku.

Funzo la Safari liko kwingine. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya: ilikuwa imekwisha kutumiwa na timu ya kiwanda, wakainunua. Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Alipigana na timu zilizoletwa kutoka Ulaya akiwa na gari la mtumba alilolijua parafujo kwa parafujo, akawashinda, akaja kushinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Edgar Herrmann alishinda 1971 kwa Datsun 240Z, gari la spoti halisi la injini ya silinda sita na kabureta mbili. Shekhar Mehta akashinda kwa aina hiyo hiyo 1973, baada ya kufungana alama na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun nyingine. Kisha kuanzia 1979 hadi 1982 Mehta akashinda mara nne mfululizo kwa 160J na ndugu zake wa jina la Violet. Saluni ya milango minne, isiyo na sura ya kutisha mtu. Kama kuna anayetaka kuniambia 160J si gari la spoti, akaipinge hesabu hiyo kwanza.

Hawakushinda kwa kuwa magari yao yalikuwa ya zamani. Siku ile yalikuwa ya kisasa. Walishinda kwa kuwa gari lilikuwa kitu ambacho mtu angeweza kukijua chote. Sauti ikibadilika, dereva alijua ni vali au ni ekzosi. Gari lilipolala njiani, watu wawili wenye spana waliweza kuliamsha. Ujuzi huo ndio niliourudia, na chuma nimekifuata kwa sababu yake. Leo Safari imerudi katika mashindano ya dunia, tangu 2021, na magari yanayokimbia Naivasha ni ya ajabu. Nayaheshimu, lakini hakuna atakayeliuza mojawapo kwa mkulima wa Mwea akalitengeneze chini ya mwembe.

Kuna shutuma ya mwisho: kwamba magari ya zamani ni mchezo wa matajiri. Kwamba ni mambo ya maonyesho ya Concours d'Elegance pale Ngong, yanayofanyika tangu 1970, ambako majaji huchungulia chini ya boneti kutafuta vumbi. Au ni mambo ya Safari Classic, iliyoanza 2003, ambayo Ian Duncan aliishinda 2009 kwa Ford Mustang. Ni kweli, huko kunahitaji pesa, na huko Ulaya bei za Porsche za zamani zimepanda mpaka watu wanazifungia stoo kama hati za shamba. Lakini gari lililofungiwa stoo limegeuzwa nguo tena, safari hii nguo ya bei ghali. Datsun yangu hulala nje, hubeba gunia la mchele kwenye buti, na imechubuka mlango. Sishindani na wa Ngong wala na wa benchini.

Kwa hiyo, mzee wangu, mambo hayajaharibika. Nilikuwa na gari ambalo jina langu lilikuwa kwenye cheti chake, na bado halikuwa langu. Lilinisemesha lugha nisiyoijua, liliniamulia gia, na lilipougua lilificha ugonjwa. Nilikuwa abiria aliyelipa deni lote. Kumiliki kitu ni kuweza kukifungua, ukaelewa kilichomo, ukakifunga kikafanya kazi. Wewe unalijua hilo kuhusu trekta yako. Mimi nimelihamishia barabarani tu.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Kimbimbi kurudi kinuni, mteja akinisubiri, Datsun ikaanza kukohoa. Ikazima mbele ya kituo cha bodaboda. Vijana wakakusanyika. "Mzee, tukuitie brekdauni?" Nikawaambia wanipe dakika chache. Umeme ulikuwepo, plagi zilitoa cheche. Petroli ilifika hadi kwenye kabureta. Basi tatizo limo humo. Nikatoa jeti kwa bisibisi, nikaiinua kwenye mwanga, haikupitisha mwanga. Nikaipuliza kwa mdomo mara mbili, nikairudisha, nikawasha. Kijana mmoja aliniomba nimwonyeshe jeti iko wapi, tukafungua tena, akaona, tukafunga.

Nilifika kinuni nimechelewa dakika arobaini, mikono ikinuka petroli. Mteja akaniuliza kilichonichelewesha. Nikamwambia: chembe ya kutu kutoka kwenye tangi, ndogo kuliko punje ya mchele.